Kupiga Picha ya Skrini Kwenye Kompyuta, na Kujua Ilikokwenda

Mtu anayebonyeza kitufe cha Print Screen kwa mara ya kwanza kwa kawaida hukibonyeza tena, kisha mara ya tatu kwa nguvu zaidi, kwa sababu hakusikia mlio wowote, hakuona kilichobadilika mbele ya macho yake, na hakuna faili mpya iliyojitokeza popote. Kumbe kompyuta ilitii tangu mara ya kwanza, na picha ipo, ila imewekwa mahali ambapo jicho halifiki. Nimewaelekeza watu wengi katika jambo hili, na karibu wote waliokwama hawakushindwa kupiga picha. Walishindwa kujua ilikokwenda. Kwa hiyo kila njia nitakayoieleza hapa itaambatana na mahali picha yake inapoishia.

Mahali penyewe ni pawili tu. Pa kwanza ni ubao wa kunakili, yaani ile sehemu ya kumbukumbu ya kompyuta inayoshika kwa muda kitu ulichokinakili mpaka ukibandike kwingine. Picha iliyoko huko haina jina wala faili, na ukinakili kitu kingine kabla hujaibandika, hicho kipya huchukua nafasi yake. Pa pili ni folda, ambamo picha huwa faili kamili yenye jina na hukungoja hata kwa miezi. Kabla ya kubonyeza chochote, basi, amua mambo mawili: unataka skrini nzima, dirisha moja au kipande tu, na picha hiyo unaibandika sasa hivi kwenye barua pepe au unaiweka akiba. Ukishaamua hayo, vitufe vya kutumia hujichagua vyenyewe.

Windows: skrini nzima na dirisha moja

Kitufe cha Print Screen hukaa upande wa juu kulia wa kibodi, na mara nyingi huandikwa kwa ufupi PrtSc au PrtScn. Jina lake ni la zamani kuliko kazi yake ya leo. Katika kompyuta ya IBM PC iliyotoka mwaka 1981, kitufe hicho, kikibonyezwa pamoja na Shift, kilipeleka maandishi yaliyokuwa kwenye skrini moja kwa moja kwenye printa, na karatasi ikatoka. Leo hakichapishi chochote, lakini jina limebaki, na nadhani limewachanganya watu wengi wasio na printa wakadhani kitufe hicho hakiwahusu.

Ukikibonyeza peke yake, skrini yote hunakiliwa kwenye ubao wa kunakili, isipokuwa katika Windows 11 mpya, ambayo nitaieleza mbele. Ili kuiona picha yako, fungua mahali unapotaka ikae, iwe ni hati ya Word, barua pepe unayoiandika au programu ya Paint, bofya pale itakapowekwa, kisha shikilia Ctrl na ubonyeze V. Kama kompyuta yako imeunganishwa na skrini mbili, zote mbili zitatokea katika picha moja pana, jambo ambalo si kila mtu hulitarajia.

Ukishikilia Alt ndipo ubonyeze Print Screen, litanakiliwa dirisha lile tu unalolitumia, bila mandhari ya nyuma wala upau wa chini wenye saa. Hii ndiyo njia ninayoipendelea ninapomwonyesha mtu ujumbe wa hitilafu, kwa kuwa anayesaidia huona dirisha lenye tatizo na si kitu kingine. Lakini hakikisha kwanza umelibofya dirisha lenyewe, maana kompyuta hupiga picha ya dirisha lililo mbele, hata kama wewe ulikuwa unaliwaza jingine. Picha hii nayo huenda kwenye ubao wa kunakili, kwa hiyo ni lazima uibandike.

Anayetaka faili moja kwa moja ashikilie kitufe chenye nembo ya Windows kisha abonyeze Print Screen. Skrini hufifia kidogo kama mtu aliyepepesa macho, na hiyo ndiyo ishara kwamba picha imehifadhiwa. Utaikuta katika folda iitwayo Screenshots iliyomo ndani ya folda ya Pictures, ikiwa faili ya picha ya aina ya PNG yenye namba yake. Kwa anayepiga picha nyingi mfululizo, kwa mfano anayeandaa maelezo ya kujaza fomu yenye kurasa kumi, hakuna njia iliyo nyepesi kuliko hii, kwa sababu hahitaji kusimama kila mara kubandika, na mwisho wa kazi huzikuta picha zote zimepangwa kwa mfuatano wake.

Yapo mambo matatu ya kuzingatia hapa. Katika kompyuta nyingi za mpakato, Print Screen imeshirikishwa katika kitufe kimoja na kazi nyingine, na hapo hutaona matokeo mpaka ushikilie pia kitufe cha Fn. Zipo pia zisizo na kitufe hicho kabisa. Jaribu Fn, Windows na kile kitufe kirefu cha nafasi kwa pamoja. Na kama kitufe kimeharibika, bonyeza Windows, Ctrl na O ili kibodi ijitokeze kwenye skrini yenyewe, kisha ukibofye hapo kwa kipanya.

Kipande tu: njia ya kujifunza kwanza

Kama ungeniambia utakumbuka njia moja tu katika Windows, ningekuambia ukumbuke hii, kwa sababu mara nyingi tunachohitaji ni sehemu ndogo ya skrini, na hayo mengine yote huwa ni takataka inayomchosha msomaji au siri isiyomhusu.

1. Weka kwenye skrini kile unachotaka kukipiga picha, kikiwa katika hali unayotaka kionekane.
2. Shikilia Windows na Shift, kisha bonyeza S. Skrini itaingia giza kidogo na upau mdogo utatokea juu, katikati.
3. Katika upau huo chagua umbo. Mstatili ndio unaofaa kwa shughuli nyingi. Kuna pia mkato huru unaochorwa kwa mkono, dirisha moja, na skrini nzima.
4. Bofya kwenye pembe moja ya sehemu unayoitaka, buruta hadi pembe ya upande wa pili, kisha achia.
5. Bandika kwa Ctrl na V pale unapopataka, au bofya arifa inayotokea pembeni ili kuifungua picha katika Snipping Tool, programu ya Windows ya kukata picha za skrini (katika Windows 10 ni Snip & Sketch), ambako unaweza kuipunguza, kuichora mishale na kuihifadhi kwa Ctrl na S.

Ukibadili nia katikati ya safari, bonyeza Esc na kila kitu kitarudi kama kilivyokuwa. Katika matoleo ya karibuni ya Windows 11, picha zinazopigwa kwa njia hii hunakiliwa na pia huhifadhiwa zenyewe katika ile folda ya Screenshots. Katika Windows 10 hubaki kwenye ubao wa kunakili tu, kwa hiyo usiizime kompyuta ukidhani zimehifadhiwa. Windows 11 mpya pia huufungua upau huu ukibonyeza Print Screen peke yake. Usipoupenda utaratibu huo, ingia Settings, kisha Accessibility, kisha Keyboard, na uzime swichi inayohusu kitufe cha Print Screen.

Kuna hali moja inayowakera hata wazoefu: unataka kupiga picha ya menyu iliyofunguka, lakini mara tu unapogusa vitufe, menyu hujifunga. Dawa yake ni kuchelewesha. Katika Windows 11, fungua programu ya Snipping Tool kwa kuitafuta kwa jina, chagua alama ya saa, weka sekunde tatu, tano au kumi, bofya New, halafu rudi haraka ukaifungue menyu yako na kuiacha wazi. Muda ukiisha, skrini huganda ilivyo na unakata kipande chako kwa utulivu.

Jambo jingine linalostahili kuzoeleka ni kumbukumbu ya ubao wa kunakili. Tangu toleo la Windows 10 la Oktoba 2018, ukibonyeza Windows na V unaoneshwa orodha ya vitu ulivyonakili karibuni, hadi 25, zikiwemo picha. Mara ya kwanza itakubidi ukubali kuiwasha. Baada ya hapo, picha uliyodhani umeipoteza kwa kunakili sentensi juu yake utaikuta ipo, ilimradi hujaiwasha kompyuta upya.

Mac

Kwenye Mac mambo yamepangwa kinyume: picha huwa faili kwanza, na ubao wa kunakili ni wa atakayeuomba. Shift, Command na 3 hupiga skrini nzima, na kama una skrini mbili utapata faili mbili. Shift, Command na 4 hukigeuza kishale kuwa alama ya msalaba ili uburute juu ya kipande unachokitaka. Ukiwa bado unaburuta, shikilia kitufe cha nafasi na eneo zima ulilolichora litasogea bila kubadili ukubwa, jambo linalokuokoa ulipoanza vibaya kwa upana wa kidole. Ukibonyeza Shift, Command na 4, kisha kitufe cha nafasi kabla ya kuburuta, alama ya kamera hutokea, na dirisha utakalolibofya ndilo litakalopigwa, likiwa na kivuli chake. Ukishikilia Option wakati wa kubofya, kivuli hakitokei.

Faili hizo hukaa kwenye uso wa kompyuta (Desktop), zikiwa zimepewa jina lenye tarehe na saa. Tangu toleo la Mojave la mwaka 2018, picha ndogo hutokea kwanza pembeni chini kulia, na faili huandikwa pale inapoondoka. Asiyelijua hili hutafuta faili katika zile sekunde chache na kuhofia kwamba haipo. Toleo hilo ndilo pia lililoleta Shift, Command na 5, inayofungua upau wenye kila kitu, ukiwemo ucheleweshaji wa sekunde tano au kumi na mahali pa kuchagua folda. Na ukiongeza Control juu ya vile vitufe vyenye 3 au 4, picha huenda kwenye ubao wa kunakili badala ya kuwa faili.

Linux na Chromebook

Katika Linux hutegemea mazingira unayoyatumia, yaani programu inayopanga madirisha na menyu, kama GNOME au KDE. Kwenye GNOME, kuanzia toleo la 42 la mwaka 2022, kitufe cha Print hufungua upau wa kuchagua eneo, Alt na Print hupiga dirisha, na Shift na Print hupiga skrini nzima. Picha huhifadhiwa katika Screenshots ndani ya Pictures na pia hunakiliwa. KDE ina programu yake iitwayo Spectacle. Kwenye Chromebook shikilia Ctrl na ubonyeze kile kitufe cha juu chenye picha ya madirisha yaliyopangana. Ukiongeza Shift unachagua eneo, na faili huingia katika Downloads.

Ukurasa mrefu wa intaneti

Njia zote zilizotangulia hupiga kinachoonekana tu, na ukurasa mrefu wa kivinjari hauonekani wote. Watu wengi hupiga picha sita na kuzishonanisha, kazi ambayo haina ulazima. Kwenye Firefox bofya kitufe cha kulia cha kipanya mahali patupu, chagua Take Screenshot, kisha uchague kuhifadhi ukurasa mzima. Kwenye Edge bonyeza Ctrl, Shift na S, halafu uchague ukurasa mzima. Chrome nayo inaweza, ila mlango wake umefichwa: bonyeza Ctrl, Shift na I ili kufungua zana za watengenezaji, kisha Ctrl, Shift na P, andika neno screenshot na uchague Capture full size screenshot, faili itaingia mahali vinapoingia vitu unavyopakua. Kabla ya kufanya hivyo, teremka taratibu hadi mwisho wa ukurasa, kwa kuwa tovuti nyingi hazipakii picha zake mpaka msomaji azifikie, na usipoteremka utapata visanduku vitupu.

Kabla hujaituma

Hapa ndipo ningeomba msomaji akae kidogo. Picha ya skrini husema zaidi ya alichokusudia mpigaji: majina ya kurasa nyingine zilizofunguliwa juu ya kivinjari, ujumbe uliochomoza pembeni, jina la akaunti, na hata anwani ya ukurasa yenye namba ya siri ndani yake. Niliwahi kumtumia mtu picha ya jedwali, naye akanijibu kwa kunipongeza kwa jambo ambalo sikuwa nimemwambia yeyote. Alikuwa amelisoma kwenye kichwa cha barua pepe kilichoonekana nyuma ya dirisha. Tangu siku hiyo napiga kipande au dirisha, na skrini nzima ni pale tu inapobidi.

Ukilazimika kuficha sehemu ya picha, ifunike kwa kisanduku cheusi kisichopenyeza. Usitumie ukungu wala vile vijimraba vya kufifisha, kwa sababu maandishi yaliyofifishwa hayajaondolewa. Mtu mwenye programu inayofaa anaweza kujaribu herufi moja moja na kulinganisha matokeo hadi ayapate. Usitumie pia kalamu ya kuangazia, hata ukiipitisha mara nyingi, kwa kuwa rangi yake hupenyeza na mtu akiongeza mwangaza wa picha, maandishi hujitokeza. Na kisanduku ulichokichora juu ya picha ndani ya Word ni kitu kinachosogezeka: atakayepokea hati hiyo anaweza kukiburuta pembeni na kusoma. Vivyo hivyo, ukiipunguza picha ndani ya Word, sehemu uliyoikata kwa kawaida hubaki ndani ya faili na inaweza kurudishwa. Kata na ufunike katika programu ya picha, hifadhi, ndipo uiingize kwenye hati.

Hata kukata kwenyewe kumewahi kuwa na mtego. Mnamo Machi 2023 iligundulika kwamba Snipping Tool ya Windows 11 na mwenzake wa Windows 10, Snip & Sketch, mtu alipofungua picha, akaipunguza na kuihifadhi juu ya faili ileile, waliacha data za picha ya zamani mwishoni mwa faili, kiasi kwamba sehemu iliyokatwa iliweza kufufuliwa. Microsoft ilitoa marekebisho mwezi huohuo. Picha zilizokatwa na kutumwa kabla ya hapo, hata hivyo, zilibaki zilivyo, na ni sababu nzuri ya kupiga kipande unachokitaka tangu mwanzo badala ya kupiga kila kitu na kukata baadaye.

Kuhusu aina ya faili, acha picha yako iwe PNG. Aina hii, iliyotoka mwaka 1996, hupunguza ukubwa wa faili bila kupoteza nukta hata moja, na ndiyo maana herufi hubaki kali. JPEG iliundwa kwa ajili ya picha za kamera, na kwenye maandishi huacha vumbi pembezoni mwa herufi. Ukituma kwa WhatsApp kama picha ya kawaida, nayo huibana. Itume kama hati nayo itafika ilivyo.

Ikiwa anayepokea anahitaji maneno yaliyomo, kwa mfano msimbo mrefu wa hitilafu, mtumie na maandishi yenyewe ili asilazimike kuyaandika upya. Snipping Tool ya Windows 11 ina kitufe cha kutambua maandishi ndani ya picha na kuyanakili, na kwenye Mac nyingi tangu toleo la Monterey la mwaka 2021 unaweza kuburuta juu ya maneno yaliyo ndani ya picha kama unavyofanya kwenye hati. Soma ulichonakili kabla ya kukituma, maana kompyuta huchanganya sifuri na herufi O, na namba moja na herufi l ndogo.

Picha ikitoka nyeusi

Baadhi ya huduma za filamu hulinda video zake, na ukipiga picha ya skrini sehemu ya video hutoka nyeusi tupu huku vitufe vinavyoizunguka vikionekana vizuri. Hilo si kosa la kompyuta yako; ni kizuizi kilichowekwa makusudi, na kubadilisha vitufe hakutasaidia. Zipo pia programu za ofisi na za benki zinazofanya vivyo hivyo. Lakini kama kila kitu kinatoka cheusi, hata uso wa kompyuta, basi kuna uwezekano mkubwa kwamba tatizo liko kwenye kiendeshi cha kadi ya picha, yaani programu inayoiendesha kadi hiyo: kisasishe, iwashe kompyuta upya, na ujaribu kwanza kwa dirisha la kawaida kama Notepad kabla ya kurudi kwenye kazi yako.